Þingvellir kwa miguu: ufa wa ardhi na bunge lililokaa ndani yake

Kwa yeyote wa kwetu anayefika Aisilandi, awe amekuja kwa kozi, kwa kazi au kutembelea jamaa, naomba asirudi nyumbani kabla ya kufika Þingvellir, hifadhi yenye bonde la ufa ambamo bunge la kale la nchi hiyo lilikaa. Na akifika, ateremke ndani ya ufa kwa miguu pamoja na mhifadhi wa hifadhi yenyewe. Mimi nimekwenda kwa njia zote mbili: kwanza kwa basi la watalii, baadaye kwa gari tulilokodi na wenzangu tukafuata matembezi ya mhifadhi. Ziara ya basi naipa nyota mbili. Matembezi naipa tano, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni wa Naivasha, na riziki yangu inatoka kwenye visima vya mvuke vya Olkaria. Nilikuja Reykjavik kwa ile kozi ya miezi sita ya jotoardhi ambayo Aisilandi imekuwa ikiwapa wataalamu kutoka nchi zinazoendelea tangu 1979, na ambayo Wakenya wengi sana wameipitia. Kwa hiyo nilikuwa na hamu ya miamba. Sikuwa nimejiandaa kwamba siku moja ingenifundisha miamba na serikali kwa pamoja, na kwamba ukikiondoa kimoja hapo, cha pili hakieleweki.

Niseme habari ya basi ili nimalizane nayo. Kampuni sitaitaja. Inauza mzunguko wa siku moja ambao kila mtu huuza: Þingvellir, chemchemi za moto za Geysir, na maporomoko ya Gullfoss. Tulishushwa juu ya genge, tukaambiwa tuna dakika arobaini, kwamba ukuta wa kushoto ni Amerika na wa kulia ni Ulaya, tupige picha katikati. Nusu ya muda iliishia kwenye foleni ya choo. Bunge lilitajwa kwa sentensi moja: "bunge la zamani kuliko yote duniani." Halafu tukaitwa turudi garini. Kwa bei waliyotutoza, huo ni uonevu kwa mgeni na ni dharau kwa mahali penyewe.

Na yale maneno ya Amerika na Ulaya si sahihi vile. Ufa wa Þingvellir haukukaa kama mstari wa chokaa uwanjani. Ni ukanda wenye upana wa kilomita kadhaa, umejaa nyufa zinazoelekea kaskazini-mashariki. Genge la magharibi, Almannagjá, ndilo ukingo wa bamba la Amerika Kaskazini, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, hapo sawa. Lakini upande wa mashariki unaegemea kipande kidogo cha gamba la dunia ambacho wanajiolojia wanakiita Hreppar, na Ulaya halisi kijiolojia inaanza mbele zaidi. Mabamba mawili makubwa yanaachana kwa takriban sentimita 2 kwa mwaka, na mtanuko huo unagawanywa kati ya ukanda huu wa magharibi na ukanda mwingine wa nyufa ulio mashariki zaidi. Ndiyo maana hapa Þingvellir, katika miaka 10,000 iliyopita, bonde limepanuka kwa mita 70 hivi tu, na sakafu yake imeshuka mita 40. Piga hesabu: ni milimita 7 kwa mwaka, si 20. Mhifadhi wetu alilieleza hili bila kuulizwa, na hapo ndipo aliponipata kabisa.

Alikuwa mama wa makamo mwenye koti la kijani, na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo. Matembezi haya hufanyika majira ya joto, kwa Kiingereza, na hayana malipo. Unacholipia ni maegesho ya gari na, ukipenda, maonyesho yaliyo ndani ya kituo cha wageni cha Hakið. Tulikuwa kikundi kidogo. Mwenzangu wa Mbeya, ambaye naye yuko kwenye mambo ya mvuke, alisimama kwenye roshani ya mbao inayotazama bonde, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanigeukia: "Kaka, hili si Bonde la Ufa letu hili?"

Ni ndugu yake, ndiyo. Ukivuta donge la chapati kutoka pande mbili, katikati hulegea na kushuka kabla ya kukatika. Ndivyo Naivasha ilivyozama kati ya Mau na Aberdare, na ndivyo bonde hili lilivyozama kati ya kuta zake. Tofauti ni kwamba kwetu bara lenyewe ndilo linalovutwa, polepole zaidi, na hapa ni ufa wa katikati ya bahari ya Atlantiki uliopanda juu ya maji ukaonekana kwa macho. Sehemu za nchi kavu ambako unaweza kuutembea namna hii ni chache mno.

Ndani ya Almannagjá utembee ukiwa umekaribia ukuta. Usitembee katikati ya njia kama watu wote. Utaona lava haikushuka mara moja. Ni tabaka juu ya tabaka, nyingine nene kama mkono wangu tu, kila moja na ngozi yake ya juu iliyojikunja ilipokuwa ikipoa. Ingiza kidole kwenye vitundu vya hewa: ndani ni laini, pembeni vinakata. Kuvumwani ya kijivu, ule uoto laini unaotanda juu ya mawe, imejaa kila mahali ambapo kiatu hakifiki, na mhifadhi alitukataza kuikanyaga kwa ukali wa nyanya anayelinda shamba la mahindi, kwa sababu ikishatolewa huchukua miaka mingi kurudi. Kuna mahali njia inapita juu ya daraja la mbao. Mwaka 2011 shimo lilifunguka hapo katikati ya njia, na walipochunguza wakakuta ufa mrefu chini yake ambao watu walikuwa wakiukanyaga siku zote bila kujua. Nilipiga magoti nikachungulia kati ya mbao. Giza, na ubaridi unaopanda usoni.

Sasa, bunge. Mwaka 930, watu waliokuwa wamehamia kisiwa hiki, wengi wao kutoka Norwei, waliamua kuwa na sheria moja. Hawakuwa na mfalme na hawakumtaka. Masimulizi yao yanasema mtu aitwaye Úlfljótur alitumwa Norwei kujifunza sheria, na nduguye wa kulelewa pamoja, Grímur, akazunguka nchi nzima kutafuta mahali pa kukutania. Akachagua hapa. Mhifadhi alitusimamisha kwenye mteremko wa Lögberg, Mwamba wa Sheria, akatuuliza sisi kwa nini. Tukaanza kutaja mmoja mmoja: maji ya mto Öxará yako karibu, samaki wako ziwani, malisho ya farasi yapo, kuni za vichaka zilikuwapo, njia za kutoka pande zote zinakutana. Kisha kuna ardhi yenyewe: mwenyewe alihukumiwa kwa mauaji, akanyang'anywa, ikawa mali ya umma. Bunge lilianza kwenye ardhi ambayo hakuna ukoo ungeweza kusema ni yake. Mtu wa Bonde la Ufa akisikia hilo, hulisikia kwa masikio mawili.

Na sababu ya mwisho ni ukuta. Alitaka mmoja wetu asimame juu, wengine washuke hadi kwenye majani, asome kitu kwa sauti. Nikajitolea. Nilifungua simu nikasoma kifungu cha kwanza cha Katiba yetu ya 2010, kwa Kiswahili, kinachosema mamlaka makuu ni ya wananchi. Wenzangu waliokuwa chini wakainua mikono kuonyesha wamesikia, na Mganda mmoja tuliyekuja naye akapiga makofi. Wataalamu bado wanabishana kama mwamba halisi ulikuwa pale penye mlingoti wa bendera leo au ndani zaidi ya korongo, lakini popote ulipokuwa, jiwe lile lilifanya kazi ya kipaza sauti.

Kulikuwa na kazi ya kupaza. Afisa wao mkuu na wa pekee aliitwa lögsögumaður, msema-sheria. Alichaguliwa kwa miaka 3, na kila kiangazi alikariri theluthi moja ya sheria za nchi, kwa kichwa, mbele ya umma, ili muhula wake ukiisha sheria zote ziwe zimesikika. Sheria hazikuanza kuandikwa hadi majira ya baridi ya 1117 kuingia 1118. Sisi tuliolelewa na watu waliohifadhi ukoo, mipaka na madeni ya ng'ombe kwa kinywa tunajua hiyo si kazi ndogo, na nilifurahi kuiona ikiheshimiwa kama msingi wa taifa, bila mtu kuiita ushenzi.

Mhifadhi hakupamba. Alisema wazi kwamba waliopiga kura kwenye Lögrétta, baraza la kutunga sheria, walikuwa machifu, goðar, na wanawake hawakuwa na kiti. Alisema pia kwamba palikuwa na sheria na mahakama lakini hapakuwa na serikali ya kutekeleza hukumu. Ukishinda kesi, ilikuwa juu yako na ndugu zako kuitekeleza. Koo zikakua, zikapigana, na mwaka 1262 hadi 1264 machifu wakakubali kuwa chini ya mfalme wa Norwei. Baadaye ikawa Denmaki. Bunge liliendelea kukutana hapa likizidi kunyang'anywa nguvu, likabaki zaidi kuwa mahakama.

Na ya aina gani! Kando ya njia, mto unapotulia chini ya daraja, kuna bwawa linaitwa Drekkingarhylur. Sheria kali ya mwaka 1564 ilileta adhabu ya kifo kwa makosa ya uzinzi na kujamiiana kwa maharimu. Wanaume walikatwa vichwa. Wanawake walitiwa ndani ya magunia wakazamishwa hapo. Wanaojulikana ni 18. Kikundi kilichokuwa mbele yetu, cha basi, kilipita pale kikipiga picha za maji kwa sababu yanapendeza. Sisi tulisimama, mhifadhi akasimulia, na hakuna aliyetoa simu. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kukataa ile ziara ya dakika arobaini. Huwezi kumpeleka mtu mahali ambapo wanawake waliuawa kwa amri ya serikali halafu umfiche habari hiyo.

Ardhi ndiyo iliyosaidia kulifunga bunge la hapa. Mwaka 1789 matetemeko yalitikisa bonde, sakafu ikadidimia zaidi, maji ya ziwa yakapanda ufuo wa kaskazini. Mkutano wa mwisho ulifanyika 1798, na mwaka 1800 bunge likavunjwa kabisa. Kwa hiyo wanaosema "bunge la zamani linaloendelea mpaka leo" waongeze kwamba lilikatika: lilirudishwa kwa amri ya mfalme 1843, likakutana tena 1845, tena likiwa la kushauri tu, na huko Reykjavik. Mamlaka ya kutunga sheria za ndani yalikuja na katiba ya 1874, serikali ya madaraka ya ndani 1904, na dola huru yenye mfalme mmoja na Denmaki tarehe 1 Desemba 1918.

Lakini walipotaka kuwa jamhuri, hawakuenda Reykjavik. Tarehe 17 Juni 1944 walirudi hapa kwenye mwamba, maelfu kwa maelfu, mvua ikiwanyeshea, Denmaki ikiwa bado mikononi mwa Ujerumani. Bunge lilikaa palepale likatangaza jamhuri na kumchagua Sveinn Björnsson kuwa rais wa kwanza. Siku yenyewe waliichagua kwa sababu ni ya kuzaliwa kwa Jón Sigurðsson, aliyepigania haki zao karne iliyotangulia. Mwenzangu wa Mbeya aliuliza kama mfalme alikasirika. Kumbe alituma telegramu ya pongezi.

Ziwa nalo lina mambo yake. Þingvallavatn ndilo ziwa kubwa la asili nchini, kama kilomita za mraba 84, na ndani yake samaki mmoja, bleikja, amegawanyika kuwa aina nne tangu barafu iliyofunika nchi zama za kale ilipoondoka. Maji mengi yanaingia kwa chini: yanayeyuka kutoka barafu kuu ya Langjökull, yanachujwa na lava kwa miongo mingi, yanatokea kwenye nyufa kama Silfra yakiwa na nyuzi 2 hadi 4 na uangavu wa kutisha. Kuna kampuni zinazokuvisha nguo nene za mpira uogelee humo. Sikuingia, bei ni ya juu na matembezi ya nchi kavu yalikuwa yamenitosha. Upande wa kusini wa ziwa kuna kituo cha Nesjavellir, kinachotoa umeme na kupeleka maji ya moto Reykjavik kwa bomba la kilomita 27. Nyumba karibu 9 katika kila 10 nchini zinapashwa joto namna hiyo. Nilipokuwa nikioga kule hosteli nilikuwa nikijua maji yametoka ufa huuhuu, na nikawaza Naivasha, ambako mvuke unatoka na bado akina mama wanabeba kuni. Hilo nimerudi nalo moyoni na sitaliacha.

Ukimaliza Þingvellir, jioni yake au kesho yake, nenda ukaone bunge la sasa. Liko uwanja wa Austurvöllur katikati ya Reykjavik, jengo la mawe meusi la 1881, dogo kuliko ofisi nyingi za kaunti, na sanamu ya Jón Sigurðsson inalitazama usoni. Hakuna geti wala uzio. Unaweza kupita chini ya madirisha na mkoba wa soko. Kikao kikiwapo, wananchi hukaa roshani na kusikiliza. Wabunge ni 63, kutoka maeneobunge 6 makubwa: 54 wanapatikana kwa kura za eneo, na 9 wanagawiwa vyama ili idadi ya viti ilingane na kura za nchi nzima. Nchi ina kilomita za mraba 103,000 na watu wasiofika laki 4, thuluthi mbili hivi wakiishi mji mkuu na viunga vyake. Kaunti ndogo yangu ya Naivasha ilikuwa na zaidi ya laki 3 na nusu katika sensa ya 2019, na sisi tuna mbunge mmoja. Sisemi tuongeze wabunge. Nasema nilielewa kwa nini dereva wa teksi kule anamzungumzia waziri kama jirani yake.

Rais wao ana kalamu ambayo watu wa kwetu wangependa kuifahamu. Akikataa kutia sahihi muswada, wananchi ndio wanaouamua kwa kura. Ólafur Ragnar Grímsson aliitumia 2010 na tena 2011 kuhusu madeni ya Icesave, akaunti za akiba za benki ya Landsbanki, na mara zote mbili wananchi wakasema hapana. Hiyo ilikuwa baada ya benki kuanguka 2008 na watu kujaa uwanja huohuo wa Austurvöllur na sufuria na miko hadi serikali ikajiuzulu Januari 2009. Walikwenda mbali zaidi, wakaandika rasimu ya katiba mpya kwa ushauri wa umma, na Oktoba 2012 theluthi mbili ya waliopiga kura wakaiunga mkono iwe msingi wa katiba. Bunge halikuipitisha. Nilimwambia mhifadhi kwamba sisi ya kwetu ilipita 2010, na mapambano yetu sasa ni kuitekeleza. Alinyamaza kidogo, akasema angetamani kubadilishana matatizo.

Mambo ya safari: kutoka Reykjavik ni kama kilomita 45, barabara ni lami, dakika 45 kwa gari. Mkiwa wanne mkachanga gari la kukodi, kila mmoja analipa pungufu ya tiketi ya basi, na mnakaa mpaka mtosheke. Angalia saa za matembezi kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kuondoka, kwa sababu hubadilika kwa msimu. Vaa koti la kuzuia upepo hata Julai, na viatu vyenye meno. Mawe ya Almannagjá yakilowa yanateleza. Bebeni chakula, sisi tulikuwa na mahamri na chupa ya chai na tuliwashinda wote waliokuwa wakinunua sandwichi. Wenye magoti mabovu wateremke kwa njia pana ya korongo wakarudi kwa gari kutoka maegesho ya chini. Kwa maporomoko ya Öxaráfoss ongeza kama nusu saa.

Na kama una siku moja tu Aisilandi na mtu anakuuzia mzunguko wa sehemu tatu, acha Geysir na Gullfoss. Ukae Þingvellir.